Maisha ya Mwalimu Nyerere na Habari za Matibabu Bila Malipo

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri wa gazeti letu aliomba habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wenzangu wengi darasani walichagua watu wa nchi za mbali, wafalme na majemadari. Mimi nimechagua mtu wa mkoa wetu wenyewe, ambaye kaburi lake unaweza kulifikia siku moja ukipanda gari asubuhi hapa Nyamongo, ukapita Tarime mjini na kuvuka mto Mara katika daraja la Kirumi. Mtu huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua kwamba habari zake zimeandikwa mara nyingi, na kila mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzisema bila kitabu. Kwa hiyo sitazirudia zote. Nitazisimulia kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa mtu mgonjwa asiye na fedha.

Sababu ya kuchagua upande huo nitaieleza kwanza, ili msomaji asije akafikiri kuwa nimeambiwa na mtu. Nilipokuwa Kidato cha Pili baba yangu mdogo, ambaye ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, aliangukiwa na mawe shimoni. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Alipelekwa hospitali, na hospitali ikataka fedha kabla ya kumpasua. Hakuwa na kadi ya bima. Ilipita siku tatu mpaka tukauza ng'ombe wawili, na waliuzwa kwa bei ya chini kwa kuwa mnunuzi aliona tuna haraka. Baba mdogo alipona, lakini mguu uliunga vibaya na sasa anatembea kwa fimbo. Siku zile tatu nilikuwa nikijiuliza kama mambo yalikuwa hivi siku zote. Bibi akaniambia hapana, hayakuwa hivi siku zote. Ndipo nikaanza kusoma.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922. Baba yake alikuwa Burito Nyerere, Mtemi wa Wazanaki, na mama yake alikuwa Mgaya Nyang'ombe, mmoja wa wake wengi wa Mtemi huyo. Jina Kambarage ni jina la mzimu wa mvua, maana siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana. Alichunga mbuzi kama watoto wengine wa rika lake, na alipenda mchezo wa bao, ambao aliendelea kuucheza hata alipokuwa mzee.

Mwaka wa 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya bweni ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita arobaini hivi kutoka kwao. Mwaka huo huo wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati, upande wa ziwa, wakaanza kazi iliyozaa hospitali ambayo watu wa kwetu wanaijua mpaka leo. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa sababu yanaonyesha hali ya nchi wakati ule. Shule zilikuwa chache na waganga walikuwa wachache zaidi, na mtu aliyevunjika mguu huku Nyamongo hakuwa na njia ila dawa za miti na bahati.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora mwaka wa 1937, kisha chuo cha Makerere mwaka wa 1943, akasomea ualimu. Alibatizwa mwaka huo wa 1943 akapewa jina la Julius. Baada ya kufundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, alipata nafasi ya kwenda Uingereza mwaka wa 1949, katika chuo kikuu cha Edinburgh. Alikaa huko mpaka mwaka wa 1952.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Vitabu vingi vinapita mbio katika miaka hii mitatu, vikisema tu kwamba alisoma historia na uchumi akapata shahada. Lakini tazama ni wakati gani alifika. Tarehe 5 Julai, 1948, yaani mwaka mmoja kabla, Uingereza ilikuwa imeanzisha utaratibu mpya wa matibabu kwa watu wote. Waziri aliyeusimamia alikuwa Aneurin Bevan, mtoto wa mchimbaji wa makaa ya mawe wa Wales, ambaye yeye mwenyewe aliingia mgodini akiwa mvulana. Tangu siku ile, mtu yeyote aliyeugua alikwenda kwa daktari bila kuulizwa ana fedha kiasi gani, na gharama ililipwa na Serikali kutoka katika kodi. Vita kuu ilikuwa imekwisha juzi tu, na Waingereza walikuwa wakigawiwa nyama na sukari kwa kipimo. Nchi haikuwa na utajiri siku zile. Mwanafunzi kutoka Butiama aliishi ndani ya jambo hilo miaka mitatu, likiwa bado jipya.

Aliporudi alifundisha Pugu, na tarehe 7 Julai, 1954, chama cha TANU kilianzishwa naye akiwa Rais wake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu ili kukitumikia chama. Safari zake za kutafuta Uhuru zinajulikana, nami nitazipita. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba, 1961.

Tangu mwanzo aliwaambia wananchi kuwa wana maadui watatu wa kupigana nao, ujinga, maradhi na umaskini. Tumezoea kuyaimba maneno hayo matatu kwa pumzi moja mpaka tumesahau kwamba la katikati lilikuwa na hesabu yake. Hesabu iliyozoeleka ni kwamba madaktari wazalendo waliokuwako siku ya Uhuru walikuwa 12 tu, nchi nzima. Vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22. Wanafunzi wa Kidato cha Nne hapa shuleni kwetu ni wengi kuliko madaktari na vituo hivyo ukivijumlisha.

Kazi ilianza polepole. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 1963. Kisha likaja Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari, 1967, ambalo lilitaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma na ambalo liliwageuza viongozi macho kuelekea vijijini. Miaka ya kwanza fedha nyingi zilikuwa zimekwenda kwenye hospitali za miji, lakini baada ya Azimio Serikali ilianza kujenga zahanati na vituo vya afya mashambani, na kuwafundisha waganga wasaidizi na wakunga kwa wingi, kwa kuwa daktari mmoja huchukua miaka mingi kupatikana. Kufika mwaka wa 1980 vituo vya afya vilikuwa vimepita 200. Mtu wa kawaida aliyekwenda katika zahanati au hospitali ya Serikali alitibiwa bila kulipa. Hospitali za misheni zilipewa msaada na Serikali, na baadhi yake zikafanywa kuwa hospitali teule za wilaya zisizokuwa na hospitali ya Serikali.

Mwaka wa 1973 kulikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kiasi cha milioni mbili walikusanyika katika vikundi wakasikiliza redio, wakafundishwa kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kufukia madimbwi ya mbu. Bibi yangu alikuwa katika kikundi kimojawapo, akiwa msichana. Hunieleza kwamba redio iliwekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, na mwenye kikundi hakumruhusu mtu kuigusa. Choo walichochimba wakati ule kilitumika miaka mingi, na kilipojaa wakachimba kingine kando yake kwa kipimo kile kile.

Nisiandike kana kwamba kila jambo lilikuwa jema. Katika miaka hiyo hiyo watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na huku kwetu Mara pia. Wazee wengine wanakumbuka kwamba waliondolewa kwa nguvu, wakaacha nyumba zao na mashamba yenye rutuba. Ni kweli kwamba zahanati ni rahisi kujengwa mahali watu wanapokaa pamoja. Lakini aliyebomolewa nyumba hakuona zahanati siku ile, aliona nyumba yake inabomoka.

Tena mwaka wa 1977 Serikali ilitunga sheria ya kukataza hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida. Za mashirika ya dini ziliachwa. Fikira iliyokuwa nyuma ya sheria hiyo ilikuwa kwamba ugonjwa si bidhaa ya sokoni. Baadhi ya madaktari hawakupendezwa, wakaenda kufanya kazi katika nchi nyingine. Hapo ndipo mimi, mwanafunzi tu, nathubutu kusema kwamba Mwalimu alichanganya mambo mawili. Jambo moja ni nani anayelipa. Jambo la pili ni nani anayetibu. Yanaweza kutenganishwa, na kuna nchi iliyoyatenganisha.

Nchi hiyo ni Kanada. Huko kulikuwa na mtu aitwaye Tommy Douglas, aliyezaliwa Scotland mwaka wa 1904 na kuhamia mji wa Winnipeg akiwa mtoto. Mguu wake ulikuwa na ugonjwa wa mfupa, na wazazi wake hawakuwa na fedha za daktari bingwa. Ilikuwa mguu ukatwe. Daktari mmoja akajitolea kumtibu bure, kwa sharti kwamba wanafunzi wake waruhusiwe kutazama. Mguu ukapona. Douglas alipokuwa mtu mzima aliona kwamba mguu wa mtoto haufai kutegemea bahati ya kukutana na daktari mwenye huruma. Mwaka wa 1944 alichaguliwa kuwa kiongozi wa jimbo la Saskatchewan, jimbo la wakulima, na mwaka wa 1947 jimbo lake likaanza kuwalipia watu wote gharama za hospitali. Mwaka wa 1962, akiwa amekwisha kuondoka katika uongozi wa jimbo, mpango wake ukaenezwa mpaka kwa madaktari wenyewe. Madaktari waligoma siku 23, kisha wakakubali. Bunge la Kanada lilitunga sheria ya nchi nzima mwaka wa 1966. Madaktari wengi wa huko si watumishi wa Serikali hata leo. Wana vyumba vyao wenyewe vya kutibia. Lakini kwa kazi ya kawaida ya kutibu, mlipaji ni mmoja, nao ni mfuko wa umma wa jimbo. Mgonjwa haulizwi fedha mlangoni.

Niliposoma habari za mguu wa Tommy Douglas nilifunga kitabu nikaenda nje kidogo.

Tuirudie nchi yetu. Mwisho wa miaka ya 1970 taabu zilikuja kwa pamoja. Mafuta yalipanda bei, mazao yetu yakashuka bei, na vita na Idi Amin ya mwaka wa 1978 na 1979 ikameza fedha nyingi. Zahanati zikawa na kuta bila dawa. Matibabu yalikuwa bure, ila mgonjwa aliandikiwa dawa akanunue mwenyewe, kama angeipata. Hata hospitali kubwa ya Kwangwa kule Musoma, ambayo ujenzi wake ulianza Mwalimu akiwa Rais, ilikwama kwa miaka mingi, na vizazi vya wanafunzi viliyapita yale maboma yakiwa hayana madirisha. Pamoja na hayo yote, kwa hesabu za sensa, umri ambao mtoto aliyezaliwa angeweza kutazamia kuishi ulipanda kutoka miaka 44 mwaka wa 1978 hadi miaka 50 mwaka wa 1988. Mbegu iliyopandwa ilikuwa imeshika, ingawa mvua ilikuwa haba.

Mwalimu aliacha urais mwaka wa 1985 akarudi Butiama kulima. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa chama cha CCM hadi mwaka wa 1990. Mwaka wa 1991 hospitali za watu binafsi ziliruhusiwa tena. Mwaka wa 1993 hospitali za Serikali zilianza kutoza ada, jambo lililoitwa uchangiaji. Watoto chini ya miaka mitano, akina mama waja wazito na wazee walisamehewa kwa kanuni. Mwaka wa 1996 mfuko wa afya wa jamii ulijaribiwa wilayani Igunga, na mwaka wa 1999 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka wa 2001 kwa watumishi wa Serikali. Mtumishi hukatwa asilimia tatu ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia tatu nyingine.

Basi sasa tuna mifuko mbalimbali. Mtumishi wa Serikali ana wake. Mwenye kazi katika kampuni kubwa aghalabu hulipiwa bima na kampuni. Mkulima anaweza kuingia katika mfuko wa jamii, ambao mikoa mingi ilipanga shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mchimbaji mdogo kama baba mdogo, ambaye wiki hii ana fedha na wiki ijayo hana, mara nyingi hana chochote.

Mwalimu wetu wa Hesabu alitufundisha jambo la bima kwa mfano wa vibuyu vya maji, nami nitalitumia hapa kwa ruhusa yake. Kama watu mia wanatia maji kidogo kidogo katika mtungi mmoja, aliyeunguliwa nyumba atapata maji ya kuzima moto, na hakuna atakayeona kiu. Lakini mitungi ikiwa kumi, wenye maji mengi watachagua mtungi wao, na wale ambao nyumba zao huungua mara kwa mara watajikuta peke yao katika mtungi mtupu. Mwenye mtungi wa biashara hana nia mbaya. Anataka faida tu, na faida yake hupatikana akiwaandikisha wenye nguvu na kuwakwepa wagonjwa, au akiwatoza wagonjwa zaidi.

Tuliona jambo hilo hapa nchini. Kulikuwa na kadi ya watoto, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi walisubiri mtoto augue ndipo wakamwandikishe. Fedha zilizotoka zikazidi zilizoingia, na mwaka wa 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa kwa muda. Wengine waliwalaumu wazazi. Mimi nasema mzazi mwenye shilingi elfu hamsini na watoto watano, ambao wote ni wazima, atanunua chakula kwanza. Mfuko wa hiari hauwezi kusimama kwa sababu hiyo. Unaoweza kusimama ni ule ambao kila mtu yumo tangu kuzaliwa, akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na fedha zake zinatoka katika kodi tunayolipa wote, hata katika sabuni na mafuta ya taa.

Baba mmoja wa mwenzetu, aliyekuja siku ya wazazi, alinipinga alipoisikia hoja hii. Alisema kwamba Serikali haina fedha, na dawa zilikwisha wakati wa Mwalimu kwa sababu hiyo hiyo. Ni neno zito, nami sikuwa na jibu siku ile. Nililifikiri usiku bwenini. Fedha za bima ya biashara zinatoka wapi? Zinatoka kwa watu wale wale wa nchi ile ile. Tofauti ni kwamba njiani hupunguzwa faida ya mwenye kampuni, mishahara ya mawakala na gharama za makaratasi ya kuamua nani alipwe na nani asilipwe. Tena mnunuzi mmoja mkubwa wa dawa hupata bei nzuri kuliko wanunuzi mia wadogo, kama vile mnunuzi mmoja wa ng'ombe alivyotupangia bei sisi siku ile tuliyokuwa na haraka. Kuhusu dawa zilizokwisha, zilikwisha katika nchi iliyotoka vitani, isiyo na fedha za kigeni. Leo dhahabu inatoka chini ya miguu yetu hapa Nyamongo, na fedha za mgodi zinazopita katika Halmashauri zimejenga madarasa na majengo ya afya. Kinachobaki ni nani amlipie mgonjwa akishaingia mlangoni.

Mwezi Novemba mwaka wa 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inataka kila mkazi awe na bima, na inaitaka Serikali iwalipie wasio na uwezo. Ni hatua kubwa. Lakini bado inaacha mitungi kuwa zaidi ya mmoja, na tena itabidi kila kijiji kiamue nani ni maskini wa kweli na nani si maskini. Sijui baba mdogo wangeweka upande gani, maana siku aliyovunjika alikuwa na ng'ombe.

Mwalimu mwenyewe, miaka yake ya mwisho, alishughulika na kutafuta amani ya Burundi. Alikuwa anaugua saratani ya damu. Mwezi Septemba mwaka wa 1999 alikwenda London, akalazwa katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, iliyoko ukingoni mwa mto Thames. Hospitali hiyo ni mojawapo ya zile zilizoingizwa katika utaratibu wa umma mwaka ule wa 1948, kabla yeye hajafika Edinburgh. Alifariki huko tarehe 14 Oktoba, 1999. Mwili wake uliletwa Dar es Salaam, watu wakapanga mistari kuuaga, kisha ukapelekwa Butiama na kuzikwa tarehe 23 Oktoba. Bibi yangu alikwenda na watu wa kwetu kwa lori, wakalala njiani, na aliporudi alikuwa amevimba miguu. Alikwenda zahanati akatozwa fedha ya kadi, akalipa.